Aliyehamia Sikio la Kushoto

Sifa, mama,

Umekwenda Kabazana kuaga watu, na ninavyokujua, utaaga nyumba kwa nyumba mpaka mbuzi wao. Hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Kwa hiyo nina saa tatu za kuwa mwoga peke yangu, kabla ya kuwa mwoga mbele yako. Nimekaa mlangoni, karatasi iko juu ya mgongo wa ile spika iliyoungua.

Sitakuambia uchemshe maji, wala ufunge mlango kwa ndani, wala usiwaamini watu wa stendi ya Mbarara. Hayo unayajua kuliko mimi. Tangu una miaka kumi wewe ndiye uliyekuwa ukinikumbusha kula. Ninaandika kwa jambo moja tu. Jumanne iliyopita ulikuwa unachambua maharage, ukainamisha kichwa kama mtu anayeitwa kutoka mbali, ukacheka. Ukaniambia, "Baba, unajua? Mama amehamia na huku kushoto. Sasa anaimbaka pande zote mbili."

Nikakujibu, "Vizuri." Kisha nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni, na kuni zilikuwa zimejaa jikoni.

Haikuwa vizuri, mwanangu. Sikio lako la kulia lilikufa ukiwa mtoto. Kesho unakwenda Mbarara kwa Mzee Tumwine kufanya kazi ya vyombo vya muziki vya harusi, Ijumaa mpaka Jumapili, kila wiki, na sikio ulilobaki nalo ni moja, na hilo moja limeanza kuimba. Nataka urudi nalo. Lakini siwezi kukuambia namna ya kulitunza bila kukuambia lile lingine lilikwenda vipi, na yale niliyokuambia miaka yote ni uongo. Niliutunga mimi, na wewe ukaupenda.

Twende polepole, maana nikikimbia nitaruka penye aibu.

Tulipoletwa huku Nakivale, kwenye kiwanja chetu cha wakimbizi, ulikuwa na miaka mitatu, na mama yako alikuwa amekwisha kuzikwa. Mimi kule Uvira nilikuwa natengeneza redio. Kanisa lilipopata spika zake mbili na mikisa ya kuchanganyia sauti, watu wakageuka wakaniangalia. Mtu aliyewahi kufungua redio, kwao, ni fundi wa kila kitu chenye waya. Nilikuwa sijui kitu, na asiyejua kitu huwa na uhakika mwingi.

Unakijua kile kidude cha kwenye mikisa cha kusukuma juu na chini. Pembeni yake kuna namba. Chini kabisa kuna alama kama nane iliyolala, halafu kutoa sitini, kutoa arobaini, kutoa kumi, sifuri, na juu yake kujumlisha kumi. Mimi nikaiona ile alama ya kutoa, nikakasirika. Nikasema, kanisa la watu waliokimbia, watu waliopunguziwa kila kitu hata posho ya mwezi, ndio niwawekee sauti ya kutoa kumi? Nani anamsifu Mungu kwa kutoa? Nikasukuma mpaka sifuri. Kisha sifuri nayo nikaona ni bure, nikavuka. Watu walicheka wakisema Baba Sifa haipendi sifuri kwa sababu inafanana na jina la binti yake ila imeharibika mwishoni.

Nilidhani desibeli, hizo namba za kupimia sauti, ni kama kilo, kwamba ukiwa nazo tisini una mzigo wa tisini. Sivyo. Desibeli ni ulinganisho, mara ngapi kuliko kitu fulani mlichokubaliana. Kwenye mikisa, sifuri ni alama tu ambayo waliotengeneza walikubaliana. Kwenye masikio, sifuri ni pale ambapo sikio zima la kijana linaanza kushtuka kwamba kuna kitu. Sifuri si kimya. Chini ya sifuri hewa bado inatikisika, ila sisi hatualikwi. Nilipolielewa hilo mara ya kwanza nililala vibaya siku kadhaa, maana nilikuwa nimezoea kuamini kwamba nisiposikia kitu, hakuna kitu.

Haya, waliokaa nyuma walikuwa wanalalamika. Mama mkubwa wa kwaya, yule aliyehamia Oruchinga baadaye, alikuwa anasimama katikati ya ibada: "Baba Sifa, ongeza! Batu ba nyuma habasikie!" Nikaomba spika nyingine, ikaja. Nikaiunganisha, nikangoja waruke kwa furaha. Wakaniuliza, "Unaongeza saa ngapi?" Nilikuwa nimekwisha ongeza. Hata ukiweka spika mbili mahali pa moja, tisini na tisini, kwa desibeli, ni tisini na tatu. Nguvu imekuwa mara mbili, na sikio linasema: naona kama kuna mabadiliko kidogo. Ili sikio liseme "sasa ni mara mbili," unahitaji kupanda karibu desibeli kumi, na kumi hizo ni nguvu mara kumi. Spika kumi mahali pa moja! Sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba watu wanataka zaidi na mimi nina kidude cha kusukuma.

Huo ndio mtego, na ndio ninaotaka uushike hata ukisahau mengine. Sikio ni shahidi mpole. Linashuhudia kidogo wakati jambo ni kubwa. Hewa inakugandamiza mara mia, sikio linakuambia mara kumi na sita. Tena baada ya saa moja linachoka, linaziba kama lina pamba, na mtu wa mitambo anaona sauti imepungua, anaongeza. Nimefanya hivyo kila Jumapili kwa miaka miwili.

Sasa penye aibu.

Mama yako hakuwepo, na sikuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Jirani yetu Mama Goreti alikuwa na yeye anakwenda misa yake ya Kikatoliki kule juu, na ibada zetu unazijua, zinaanza asubuhi zinaisha watu wamesahau kwamba kuna chakula. Nikatafuta mahali ambapo ningekuona nikiwa kwenye meza yangu, bila vichwa vya watu kunikinga. Palikuwepo mahali pamoja tu, mbele, kwenye mguu wa spika ya kulia. Nikakunja turubai mara nne, nikaweka kitenge cha mama yako juu yake, nikakulaza. Ulipenda kulalia ubavu wa kushoto. Sikio la kulia likawa juu, linaangalia spika.

Nawe ukalala. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba ulilala. Kifua cha watu wazima kilikuwa kinatetemeka, vumbi lilikuwa linaruka juu ya turubai, na wewe unakoroma polepole. Watu walipita wakikuangalia wakasema, "Huyu mutoto ana amani ya Mungu." Nikafurahi, nikaona nimelea.

Miaka mingi baadaye nilipopata simu yenye kipimo cha sauti, niliviweka vyombo vile vile mahali pale pale, kidude kile kile juu, nikapima. Kwenye meza yangu, mita nne: tisini na saba. Nikaenda pale ulipokuwa unalala, mita moja: mia na tisa. Kila ukikata umbali nusu, unapanda kama sita. Ni desibeli kumi na mbili tu za tofauti, na sikio lako lingesema, hapa ni zaidi kidogo ya mara mbili. Lakini hewa ilikuwa inasukuma mara nne, na nguvu yake mara kumi na sita. Wenye kazi ya masikio huhesabu hivi: kwenye themanini na tano mtu anaweza kukaa saa nane, na kila ukipanda tatu unakata muda nusu. Kwa hesabu hiyo mimi mezani nilikuwa na nusu saa. Wewe hukuwa na hata dakika mbili, pambio la kwanza lilikuwa halijaisha. Ulilala pale kwa muda wa saa nne, na Jumapili iliyofuata nikakulaza tena.

Ulipofika miaka mitano ukaacha kugeuka ukiitwa kutoka kulia. Nilikuona mkaidi, nikakuchapa mara moja kwa ajili hiyo. Nisamehe hilo peke yake, mbali na mengine.

Halafu ukaanza kuniuliza ni nani. "Baba, huyu mutu anaimbaka ni nani?" Mtu gani? "Huyu." Na unaelekeza kidole hewani, karibu na bega lako la kulia. Ulikuwa huogopi hata kidogo. Ulikuwa unaongea naye ukichota maji, ukimnyamazia ili amalize. Nikampa jina, Mgeni, ili tuweze kumtaja ndani ya nyumba. Asubuhi nilikuwa nakuuliza, "Mgeni yuko?" Unasema, "Hajalala."

Ikaja siku ya uhakiki, ya kuwahesabu wakimbizi upya. Tukapanga foleni na karatasi yetu, jua kali, na kijana wa Kiganda aliyekuwa anaandika akauliza nyumbani tuko wangapi. Nikasema wawili. Wewe ukavuta shati langu ukasema, "Batatu."

Yule kijana akaangalia karatasi, akaangalia nyuma yetu. "Mzee, hapa naona bawili tu. Wa tatu iko wapi?"

Nikacheka, nikasema mtoto anacheza. Wewe ukamwonyesha, hapo hapo ubavuni, mahali patupu kati yako na meza yake. "Iko hapa. Hataki kuandikwa, anaimba tu." Akasogeza kiti chake nyuma, Sifa. Mtu mzima, mwenye mhuri wa serikali. Na waliokuwa kwenye foleni nyuma yetu wakaacha nafasi ya mtu mmoja upande wako wa kulia, na nafasi ile ikatembea nasi mpaka mwisho wa foleni.

Jioni ile nilikupeleka kanisani, hapakuwa na mtu. Nilitaka kujua wimbo wenyewe. Nikawasha kinanda, nikakuambia, nionyeshe anaimba wapi. Hukubonyeza huku na huku kama watoto. Ulitembea moja kwa moja mpaka mwisho wa kulia, ukaweka kidole kwenye kitufe cha mwisho kabisa, ukakishikilia. Ukasema, "Anapita hapa kidogo juu. Lakini ni huyu."

Sauti nyembamba, ndefu, kama mluzi ule wa spika ambao mafundi wa kwetu huuita larsen. Nilikuwa naijua. Nilikuwa nayo mimi pia, tangu mwaka mzima, nikilala nikiamka, na sikuwahi kumwambia mtu. Sote wawili tukasimama pale, kidole chako kwenye kitufe, na ulipokiachia sauti haikuacha.

Nikaamini. Ungeamini nini? Ugonjwa hauimbi wimbo mmoja ndani ya watu wawili. Nikaenda kwa mchungaji wetu, nikamweleza, na yule mzee, aliyekuwa mwema na sasa ni marehemu, akatangaza maombi ya siku tatu mchana kutwa. Wakakusimamisha mbele, katikati ya spika zote tatu, wakakuwekea mikono. Mimi nilikuwa kwenye mikisa. Kila mchungaji alipofunga macho, kidole chake kilikuwa kinaniambia juu, juu. Nikapandisha. Tulikuwa tunamfukuza kwa chakula chake.

Hukulia. Siku ya tatu walipozima jenereta, watu wote walikuwa wanasema kwa kelele kama viziwi, na wewe ulikuwa unatabasamu. Nikapiga magoti nikakuuliza, amekwenda? Ukanishika uso ukasema, "Hapana, baba. Sauti za batu ndio zimekwenda. Sasa anaimba peke yake, na nguvu."

Hapo ndipo nilipokupeleka Mbarara. Ulikuwa na miaka saba kasoro, sijui unakumbuka nini. Nadhani unakumbuka chumba.

Kilikuwa chumba kidogo kama kabati, kuta zina sponji, mlango mzito. Musawo wa masikio, yaani daktari, mama mmoja wa pale pale Ankole, mpole, akakuvika vile vifaa vya masikioni akaniruhusu nikae nawe. Akafunga mlango. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui waliingia chumba gani. Nilisikia shingo yangu ikigeuka. Nilisikia mate yakishuka. Na Mgeni alikuwa amesimama katikati ya kile chumba, mkubwa kuliko nilivyowahi kumsikia, hana pa kujificha kwa sababu hapakuwa na kitu kingine.

Musawo yuko ng'ambo ya kioo, anatuma sauti ndogo ndogo. Ukisikia, nyanyua mkono. Upande wa kushoto ulinyanyua vizuri, hata kwa zile ambazo mimi niliona kidole chake kinabonyeza na sikusikia chochote kikivuja. Akahamia kulia. Anabonyeza, umetulia. Anabonyeza, umetulia. Akaondoa mkono mezani akaandika kitu, na wewe, polepole, ukinitazama mimi, ukanyanyua mkono juu. Ukauacha huko.

Mlango ukafunguka. "Lakini mimi bado kutuma kitu," akasema kwa Kiswahili chake. "Mutoto nasikia nini?"

Kiswahili kikamwishia. Akageukia Kinyankore, nami nilikuwa nimekiokota kule Endiinzi kwenye harusi za wafugaji nilikopeleka vyombo. Wewe hukukijua. Kwa hiyo mkalimani wako nilikuwa mimi, na hakuna mwingine aliyekuwemo.

Alisema hivi, na leo ninakutafsiria kama nilivyopaswa. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana, sauti inaviinamisha, vinasimama tena. Kelele kubwa ikivilaza siku baada ya siku, vinalala moja kwa moja, wala havioti vingine. Huanza kufa vile vya sauti nyembamba, karibu mahali pale pale kwa watu wengi, ndiyo maana wawili waliopigwa na spika moja wanaweza kubaki na mluzi mmoja. Na ubongo, ukingoja sauti ambayo haiji tena, unaanza kujitengenezea ya kwake. Akanichorea. Mazungumzo ya watu ni sitini hivi, akasema, na muziki wa karibu sana unafika mia na ishirini. Sikio linaona ni mara sitini na nne. Mgandamizo wa hewa ni mara elfu.

Akaniuliza, nyumbani kuna kelele? Nikasema hapana. Unafanya kazi gani? Nikasema ninalima. Akaniangalia masikio yangu, yaani aliyaangalia kweli, kisha akasema: "Mwambie mtoto humo hakuna mtu, asiogope. Na mwondoe penye kelele, maana la kushoto bado ni zima."

Nikakugeukia. Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti kirefu, miguu haifiki chini, unangoja. Nikasema, "Musawo anasema ni mama yako. Anakuimbia kwa sababu hakupata muda wa kukulea. Na sikio lilichukuliwa na homa ya Kabazana."

Musawo alilisikia neno mama. Akanitazama. Lakini nje kulikuwa na watu wengi wanangoja, na labda kwao mama si mama yetu. Akaita jina la anayefuata. Wewe ulivua vifaa ukauinamishia kichwa upande wa kulia, mara ya kwanza kwa heshima, ukasema, "Shikamoo, mama." Tulitoka hapo ukiwa na mzazi mwingine. Nilikununulia andazi.

Nimejipa sababu nyingi. Kwamba ulikuwa mtoto, kwamba nilitaka uwe na kitu. Zote zina ukweli kidogo. Lakini iliyo kubwa ni hii: kama anayeimba ni mama yako, basi si mimi niliyelivunja sikio.

Nilirudi, nikashusha kile kidude. Uliona nimehamisha mkeka wako nyuma ya spika, ukadhani ni kwa ajili ya vumbi. Nikakufundisha kazi hii kwa sababu ndiyo pekee niliyonayo, na ukanizidi, nikajivuna. Kila ulipokuwa unasema "mama leo anaimba vizuri" nilikuwa naitikia. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limekufa kwa namna mbili.

Sasa hivi ninapoandika Mgeni yupo. Nyenje nilidhani wamekwisha Nakivale. Nikasema ni dawa za mashambani. Mwaka jana nikamwambia Mama Goreti, mbona nyenje wametoweka? Akanishangaa. "Wewe Baba Sifa! Zinapiga kelele hata siwezi kusikia redio." Ndege wa kwenye mti wa jirani wanafungua midomo, ninaona koo zinatikisika, na hakitoki kitu. Kijiji kizima kinafunikwa polepole upande wa juu, na pale palipofunikwa anaimba huyo mmoja.

Sitaki ufike huku. Nenda Mbarara, mwanangu, siandiki ili kukufunga mguu. Lakini kabla ya kufika kwa Mzee Tumwine, pita kwa musawo, jengo ni lile lile. Akikuweka kwenye chumba, usinyanyue mkono kwa ajili ya mama. Nyanyua kwa kile kinachotoka nje tu, hata kama itabidi ukae kimya muda mrefu na yeye anaimba kwa nguvu zake zote. Akikuambia kazi hii uiache, iache, nitakuwa wa kwanza kukuambia haikuwa na maana. Akikuambia unaweza, ziba hilo sikio kazini, kaa nyuma ya spika, na usiliulize sikio kama inatosha. Uliza kipimo na saa. Mzee Tumwine ana spika kumi na mbili na harusi za mjini hazina waliokaa nyuma, kila mmoja anataka kuwa mbele.

Ninajua ninachokunyang'anya. Tangu Jumanne ninapima mkononi, sikio lako na mama yako, na nimechagua sikio. Ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa unasikia.

Siwezi kukunyang'anya kisha nikuache mikono mitupu, kwa hiyo ninakupa mwenyewe, yule wa kweli. Hakuwa na sauti nyembamba. Ilikuwa nzito, ya chini, ina mikwaruzo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, na alikuwa anaionea haya. Kwaya ikiimba alikuwa anafungua mdomo bila kutoa kitu. Nilimcheka siku moja, akanijibu, "Mungu anajuaka sauti yangu. Batu hapana." Hata kukubembeleza hakukuimbia. Alikuwa anakuhesabia, moja, mbili, tatu, kwa sauti ya chini kabisa, na hukuwahi kufika thelathini hujalala. Ukitaka kumsikia ilibidi usogee.

Siku ile ya mwisho wake pale Kabazana, kwenye lile jumba la kupokelea wakimbizi wageni, alikuwa amelala kwenye mkeka na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimekubeba, nagombana na mtu kuhusu blanketi. Watu walikuwa wengi, kila mtu anasema. Nikaona midomo yake inatembea. Nikamwambia kutoka pale pale nilipokuwa, "Sema na nguvu, sisikie." Akaanza tena, hivyo hivyo, kwa sauti ile ile. Hakuwa na nyingine. Zilikuwa hatua tatu, Sifa. Nikamalizana kwanza na yule wa blanketi, kisha nikaenda, na nilipofika alikuwa amekwisha sema.

Sijui alisema nini. Ninachojua ni kwamba hakuwa anaimba.

Baba yako